Mapezi ya Zambarau

Jumatatu, 3 Juni

Habari njema. Mzee wa Funguo anastaafu. Ametunza Chumba cha Viumbe hapa makumbusho kwa miaka thelathini na moja, na leo asubuhi Mama Mkurugenzi ametuita mimi na Fundi Manyoya ofisini kutuambia kwamba kiti hakitakaa wazi. Ijumaa anakuja Profesa wa samaki kukagua chumba. Yeye ndiye atakayeshauri nani kati yetu akabidhiwe ufunguo. Atakayekosa anahamia getini kukata tiketi.

Mimi, getini! Mimi niliyefunga vikaratasi kwenye shingo za chupa kwa miaka tisa bila kuchanganya hata uzi.

Fundi Manyoya ndiye anayekausha ndege na wanyama na kuwajaza pamba. Ana mikono mizuri, sikatai. Korongo wake amesimama mlangoni kakunjua mabawa, na watoto humwamkia kwa adabu kabla hawajagundua. Lakini Fundi hajui kuongea. Ukimuuliza swali anatazama viatu vyake. Profesa atamuuliza, yeye atatazama viatu, na shughuli itakuwa imekwisha.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika humu tu. Mama mkwe amekuja kukaa nasi wiki mbili kwa ajili ya matibabu ya jicho. Siku ya kwanza kuonana naye, miaka sita iliyopita, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ndiye msimamizi wa Chumba cha Viumbe. Ulimi uliteleza. Nilitaka kurekebisha wiki iliyofuata, kisha mwezi uliofuata, kisha tukapata mtoto. Leo wakati wa chakula amesema Ijumaa angependa kuja kukiona hicho chumba changu. Mke wangu aliinamia sahani. Mimi nikasema karibu sana, mama, utafurahi.

Kwa hiyo nina siku nne za kuwa yule niliyesema ndiye mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata silaha!

Kabati la chupa za samaki lina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo kulikuwa na kijitabu kimekaa tangu sijaajiriwa. Jalada limeliwa na mende. Nikakichomoa leo ili nifagie, nikakuta ni maneno ya Kiyunani yaliyokusanywa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya viumbe. Nikasoma nimesimama, ufagio kwapani, mpaka saa sita. Kabati lilianza kuinama, nikalitilia kopo la gundi la Fundi.

Nilichojifunza ni kwamba wataalamu ni watu wa neno moja. Pteron ni bawa. Pteryx ni bawa. Pterygion ni bawa dogo, na hilo bawa dogo ndilo pezi la samaki. Yaani Myunani alimtazama samaki majini akaona ana vibawa. Basi hapo nikawa nimepata ufunguo wa makabati yote manne. Popo ni Chiroptera, mkono uliogeuka bawa, na ukimtazama popo wetu kweli vidole vyake vyote vimo ndani ya ngozi kama miti ya mwavuli. Mbawakawa ni Coleoptera, bawa lililofichwa ndani ya ala. Nzi ni Diptera, mabawa mawili tu basi. Kipepeo ni Lepidoptera, bawa lenye magamba. Samaki karibu wote ni Actinopterygii, wenye mapezi ya miale. Na wale wawili wa rafu ya chini, wazito, wenye mapezi yaliyonenepa kama vimkono vya mtoto, ni Sarcopterygii, mapezi ya nyama.

Hata helikopta ni Kiyunani. Bawa lizungukalo! Nikaenda kumwambia Fundi Manyoya. Akafikiri kwa muda, akasema yeye siku zote alidhani imeitwa hivyo kwa sababu ya mlio wake. Nilimhurumia.

Mpango ni huu. Vikaratasi vyetu vya sasa vinasema tu Samaki, ziwani, au Samaki, mtoni, kwa penseli iliyofifia. Nitaviondoa vyote vya kabati la samaki na kuweka vya Kiyunani. Profesa akiingia ataona mara moja kwamba humu amekaa msomi.

Jumatano, 5 Juni

Kazi imekamilika. Vikaratasi ishirini na sita, chupa ishirini na sita.

Niseme kidogo kuhusu utaratibu wetu, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu. Chupa ya samaki hujazwa spiriti ili asioze, na kikaratasi chenye jina huwekwa humo humo ndani, pamoja na samaki; kile cha shingoni kina namba tu. Mzee wa Funguo alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: ndani ya chupa ni penseli tu. Hakuwahi kusema kwa nini. Penseli! Kama darasa la kwanza. Profesa asome Actinopterygii kwa penseli?

Nikapanda ofisini nikachukua chupa ya wino wa mihuri, ule wa zambarau, na kalamu ya kuchovya. Mwandiko wangu haukuwahi kupendeza hivyo. Kila p ilikuwa na mkia. Nikavikausha kwa pumzi yangu mwenyewe, nikavitumbukiza kimoja kimoja, nikafunga vifuniko. Fundi Manyoya alipita akasimama. Akatazama chupa ya wino. Akatazama chupa za samaki. Akafungua mdomo, nikamwambia bwana, kila mtu na kazi yake. Akatazama viatu akaenda zake. Wivu ni kitu kibaya sana.

Jioni nyumbani mambo hayakwenda vizuri. Mama mkwe alitoka hospitali, jicho la kushoto limefunikwa pamba, akamkabidhi mke wangu kadi amsomee. Nikaiona juu ya bega lake. Imeandikwa pterygium. Sikuamini bahati yangu. Nikasimama pale pale mezani nikamtangazia mama mkwe, mbele ya mjukuu wake, kwamba kwa mujibu wa elimu ya Kiyunani jichoni mwake ameota pezi.

Mke wangu akaiweka kadi mezani. Nikaeleza kwamba si pezi lenyewe, ni kinyama kinachotambaa juu ya jicho, ila umbo lake ni la bawa dogo, na bawa dogo ndilo pezi. Nikaongeza kwamba hata helikopta ni jamaa ya neno hilo. Mtoto akauliza kama bibi ataruka au ataogelea. Mama mkwe akasema anakwenda kulala. Mke wangu amesema nami nikalale, tena sebuleni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha.

Nilifungua chumba saa mbili asubuhi nikiimba. Kabati la samaki lilikuwa zambarau. Si vikaratasi, vyenyewe vimebaki vyeupe kabisa kama havijawahi kuandikwa. Ni spiriti ndiyo zambarau. Chupa zote ishirini na sita, na ndani ya kila moja samaki wa zambarau ananitazama. Sasa najua kwa nini penseli. Mzee angeweza kusema tu kwamba spiriti inakula wino. Sekunde tatu zingemtosha.

 Nikakaa juu ya ndoo nikalia kidogo. Nilijiona getini, nimeshika kitita cha tiketi, mama mkwe anakuja na jicho lake moja ananiuliza mwanangu, chumba chako kiko wapi.

Fundi Manyoya akaingia.  Akanipa kitambaa cha kujifutia, kimejaa manyoya, nikapiga chafya mara nne. Kisha akashusha chupa ya kwanza, akaifungua, akanusa, akasema polepole kwamba tumwage hiyo yote, tuoshe samaki kwa spiriti safi, tumwage, tuoshe tena, kama anavyofanya yeye damu ikiingia kwenye ngozi ya ndege. Alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia kwa mwaka mzima. Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nalifikiria nilipokaa pale juu ya ndoo.

Tukaosha mpaka saa kumi na moja jioni. Yeye aliosha, mimi nilisimamia. Spiriti yangu ilikwisha saa saba, akaleta ya kwake, dumu zima alilokuwa ametunza kwa ajili ya fisi anayetaka kumkausha. Zambarau ilitoka mwilini kidogo kidogo mpaka nyama ikarudi rangi yake. Lakini mapezi yaligoma. Tuliosha mara tatu, mara nne, na ile miiba myembamba ya ndani ya mapezi ikabaki zambarau iliyokoza, mstari mmoja mmoja, kama meno ya kitana. Fundi akasema mistari hiyo haitoki tena.

Wazo la Ijumaa: nitamshika Profesa kwenye kabati la popo. Nitamweleza Chiroptera kwa dakika arobaini. Atachoka, atatazama saa, hatafika kwa samaki.

Ijumaa, 7 Juni

USHINDI!



Profesa ni mzee mfupi mwenye kioo cha kukuzia kinachoning'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Nilimpokea mlangoni, nikamgeuza kwa upole kuelekea popo, nikaanza. Mkono uliogeuka bawa, Profesa, cheir na pteron. Akasema ndiyo, ndiyo, akanipita kama mtu anavyopita kiti, akaenda moja kwa moja kwenye samaki. Nyuma yake Mama Mkurugenzi. Kwenye benchi la wageni, mama mkwe, pamba jichoni, mkoba mapajani. Fundi Manyoya alikuwa amejibana nyuma ya korongo wake.

Profesa akachukua chupa ya kambare akaipeleka dirishani.  Akainua kioo.  Akaanza kunong'ona, nikadhani anaomba, kumbe anahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka miale yote ya lile pezi la mgongoni. Akachukua chupa nyingine, akahesabu tena. Akageuka, macho yamelowa. Akasema amewafundisha vijana miaka yote hii kwamba samaki wengi wameitwa kwa miale ya mapezi yao, na kila mwaka vijana wanamtazama samaki mweupe ndani ya chupa nyeupe na hawaoni mwale hata mmoja. Na leo anaikuta miale imesimama, inahesabika hata na mtoto. Akauliza ni kazi ya nani.

Nilikuwa nimeshafika mbele yake kabla swali halijaisha.

Akauliza nimefanyaje. Nikasema ni utafiti wa muda mrefu. Akauliza mbona vikaratasi vya ndani havina maandishi.  Mdomo ukafunguka wenyewe, sijui ulitoa wapi, nikasema tumeviacha vitupu makusudi, ili mgeni aone kwanza kwa macho yake ndipo aulize jina. Profesa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniomba majina. Nikayamwaga yote, aktis mwale, sarx nyama, pteryx bawa, pterygion bawa dogo, na helikopta juu yake.

Alimuuliza pia Fundi Manyoya swali moja, kama korongo ni kazi yake. Fundi akasema ni yake, akatazama viatu. Akiwa ameficha mikono mfukoni, eti! Mbele ya Profesa!

Mama Mkurugenzi akanikabidhi ufunguo pale pale. Ni mkubwa kuliko nilivyofikiri. Akasema kwa sauti kwamba kuanzia Jumatatu huyu ndiye msimamizi mpya wa chumba, na Fundi atasaidia getini. Mpya. Neno hilo lilifika hadi kwenye benchi, nililiona likifika. Njiani kurudi nyumbani nilimweleza mama mkwe kwamba ofisi zetu zina tabia ya kumwita mtu mpya kila baada ya miaka michache, kama kupaka rangi ukuta. Akasema kumbe.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe aliniita barazani baada ya chakula cha mchana. Pamba imeondolewa, jicho jekundu lakini linaona. Akaniambia niketi.

Akasema alijua. Alijua tangu mwaka wa kwanza. Siku moja alikuja makumbusho bila kumwambia mtu, akakata tiketi kama mgeni yeyote, akaniona nimekaa sakafuni nafunga nyuzi kwenye chupa, ulimi nje kama mtoto anayechora. Alisimama kunitazama muda mrefu. Akasema alirudi nyumbani ametulia, maana mtu anayefunga uzi kwa uangalifu namna ile hawezi kumtesa binti yake. Hakuhitaji msimamizi. Alihitaji huyo wa nyuzi.

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilimpenda sana mama yule wakati ule, na nilijisikia vibaya, na nilitamani angenyamaza.

Hakunyamaza. Akasema Ijumaa, kwa jicho lake moja, aliona vidole vyangu vina zambarau kwenye ncha tu. Na yule mwenzangu mpole wa nyuma ya ndege, alipotoa mkono mmoja kufungulia watu mlango, alikuwa zambarau hadi kwenye kiwiko. Akaniuliza ni nani aliyeosha wale samaki. Nikasema tuliosha. Akanitazama. Nikasema aliosha yeye. Akasema basi kesho nenda kwa mkubwa wako ukamwambie hivyo hivyo, maneno mawili, hayaumi. Nikaahidi. Kwa dhati kabisa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ilidumu mpaka saa kumi hivi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimejitahidi. Hilo liandikwe.

Saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwa Mama Mkurugenzi, maneno mawili tayari mdomoni. Alikuwa kwenye simu. Nilimsikia akimwambia mtu kwamba makumbusho yetu sasa yana mtaalamu wake, mtu wa mapezi na mabawa, na kwamba Profesa anarudi Jumatano na wanafunzi thelathini. Sasa ningemkatiza vipi? Ingekuwa utovu wa adabu. Nikarudi kinyumenyume, nikashuka getini, nikaona bora nimwambie Fundi mwenyewe. Nikamwambia kwamba mchango wake nimeuona na nitauweka moyoni. Akasema hamna shida. Akasema getini si pabaya, watoto wanamsimulia hadithi. Mikono yake bado zambarau. Watoto wanadhani ni glovu.

Nilipogeuka akaniita. Akauliza Profesa anakuja kuona nini Jumatano. Nikamwambia mapezi yamekwishaonekana, sasa ni zamu ya mabawa. Akaacha kukata tiketi. Akasema kaka, bawa kavu usilitie kwenye spiriti, hasa la kipepeo. Akasema mara mbili. Akataka kueleza kwa nini, lakini foleni ilikuwa inangoja, na mimi nina ufunguo, yeye ana tiketi. Nilimpigapiga bega.

Mchana nimechanganya beseni. Spiriti lita sita, wino wa mihuri chupa mbili. Vipepeo wote arobaini wa kabati la tatu, waliokusanywa na Mzee wa Funguo tangu ujana wake, nimewachomoa kwenye pini na kuwalaza ndani kwa mikono yangu mwenyewe. Safari hii sikutaka msaada wa mtu. Nimefunga mlango nikaondoka nikipiga mluzi.

Mama mkwe aliuliza kama nimesema. Nikamwambia nimesema. Sikutaja kwa nani, wala hakuuliza.

Jumanne, 11 Juni

Leo ndiyo siku kubwa kuliko zote, kuliko hata Ijumaa.

Nimewatoa vipepeo kwenye beseni nikawaosha mara nne, kama nilivyogundua wiki iliyopita. Zambarau ilipogoma kutoka nikatumia mswaki laini. Ikatoka. Ikatoka pamoja na njano, na buluu, na yale madoa yanayofanana na macho, yote yakashuka chini ya beseni kama vumbi. Kwa dakika chache niliingiwa na wasiwasi. Kisha nikamwinua mmoja dirishani kama alivyofanya Profesa na kambare wake. Mabawa yalikuwa maangavu kama kioo! Nikaweza kuona mti wa uani kupitia ndani yake. Kila mshipa unahesabika. Fundi angejua haya angenionea wivu mpaka afe.

Tatizo lilibaki moja dogo, la kisomi. Kabati limeandikwa Lepidoptera, bawa lenye magamba, na hawa magamba hawana tena, yamo ndani ya beseni. Mtu mwaminifu hawezi kuacha jina la uongo kwenye kabati lake, hasa akiwa na wanafunzi thelathini kesho asubuhi. Nikarudi kwenye kijitabu changu. Ukurasa wa kumi na tisa ukanipa jawabu bila kunichosha: hymen, utando mwembamba mwangavu, na pteron, bawa. Hymenoptera. Mfano wake, kinasema kijitabu, ni nyigu.

Nimefuta jina la zamani na kuandika jipya kwa wino, herufi kubwa. Kwa miaka yote thelathini na moja ya Mzee wa Funguo, makumbusho haya hayakuwahi kuwa na nyigu hata mmoja. Sasa tunao arobaini.